Konvata ya mia tisa, ampi ya kiganja na spika za mjomba: miezi minne baadaye

Naanza na bei maana najua ndio mtauliza. Konvata (kadude ka kugeuza sauti ya dijitali ya tivii iingie kwa ampi, yaani kikuza sauti) 900, waya wa optiko 250, ampi ndogo 3,800, fundi wa spika 2,200 kwa zote mbili, waya wa spika mita kumi 400. Jumla 7,550. Spika zenyewe bure, za mjomba wangu, zilikuwa zinakula vumbi Buruburu tangu enzi za kaseti na alikuwa ashaanza kuzitumia kama stuli za kuwekea maua. Nimekaa na hii mitambo miezi minne sasa, hapa Umoja, Nairobi, sebule ndogo, tivii ya inchi 43, na mi naona ule wazimu wa kitu kipya umeniisha, naweza kusema ukweli wake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekula hasara. Mwaka jana nilinunua wufa mpya ya kwenye katoni, elfu nane na mia tano, sitaji jina wala duka, ile ya taa za disko zinazozungukazunguka na sehemu ya flashi na rimoti inayofanana na ya dekoda hadi unazichanganya usiku. Katoni imeandikwa DIGITAL kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, na chini yake 12,000W PMPO. Wati elfu kumi na mbili. Sasa mi si mhandisi lakini pasi yangu ya nguo ni wati elfu moja na inameza tokeni ukiiangalia, hii ya elfu kumi na mbili si ingezima ploti nzima? Siku moja nikifagia nikaigeuza nyuma, kuna kakibandiko kadogo ka fedha: 220-240V, 50Hz, 60W. Sitini! Yaani kitu kinavuta wati sitini kwa ukuta halafu kinatoa elfu kumi na mbili kwa spika, hata mchungaji hajawahi kuahidi muujiza wa hivyo. Hiyo PMPO ni namba ya kuuzia tu, puuza kabisa, wati za kuangalia ni zile za RMS, nguvu ya kweli inayotoka mfululizo, na kama hazijaandikwa basi angalia kibandiko cha nyuma ama ile adapta yake, zidisha volti kwa ampea, ukweli uko hapo.

Na sauti yenyewe sasa. Besi ilikuwa noti moja, uweke gita la besi, uweke teke la ngoma, uweke mlango umebamizwa kwa filamu, yote inalia duuu ileile moja. Ilikaa miezi saba ikaanza kunguruma hata ikiwa kimya halafu siku moja stima ikapotea ikarudi, yeye hakurudi.

Lakini lawama nyingine ni yangu, lile neno DIGITAL ndilo lilinimaliza. Kenya hii tangu 2013 kina Uhuru na Ruto wajiite dijitali na wapinzani wao wakaitwa analogi, hilo neno limekuwa kama Royco, unanyunyizia kitu chochote kinauzika. Sasa wacha niwaambie kitu ambacho ningeambiwa mimi mapema: spika haina udijitali. Spika ni karatasi, koili ya waya wa shaba na sumaku, basi. Muundo huo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliutoa hadharani 1925 na ndio huohuo uko kwa nganya za Rongai, zile matatu za muziki mkubwa, ndio uko kwa simu yako, ndio uko kwa kile kipaza sauti cha yule jamaa wa dawa ya panya mende kunguni. Karatasi haisomi namba. Kazi inayoijua ni mbili, kwenda mbele na kurudi nyuma.

Kuna wahandisi wamejaribu kweli kutengeneza spika inayopokea namba moja kwa moja bila kugeuzwa, kila biti ipewe koili yake ama kikundi chake cha vispika vidogo. Hesabu yake ni ya kuchekesha. Sauti ya CD ni biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri ama moja, na kila biti ina uzito mara mbili ya ile ya chini yake, kwa hivyo ukitumia vispika vinavyofanana, biti ya chini kabisa inataka kimoja, inayofuata viwili, halafu vinne, hadi ile ya juu inataka 32,768, na ukijumlisha zote ni 65,535. Elfu sitini na tano! Hiyo hata ukuta wa KICC, lile jengo refu la mikutano, hautoshi. Kwa hivyo akikuambia mtu Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki tao, kwamba hii spika ni dijitali, mahali fulani ndani ya hilo boksi kuna kadude kanakogeuza namba kuwa umeme wa mawimbi kabla haujafika kwa karatasi. Swali ni kadude ka aina gani, na nani alilipa pesa ngapi kukaweka hapo.

Kwangu hako kadude nikakanunua peke yake, ndio hii konvata.

Shida yangu ilikuwa tivii. Hizi tivii nyembamba spika zake ziko nyuma zinaangalia chini, zinaongea na meza, mtangazaji wa taarifa anasikika ka amemeza leso. Na nyuma hakuna tena yale matundu mekundu na meupe ya kutoa sauti, kuna HDMI, kuna USB, na kuna katundu kamoja ka mraba kenye kamlango, ukikasukuma unaona mwanga mwekundu ndani. Hako ndiko ka optiko. Sauti inatoka pale ikiwa mwanga unaowaka na kuzima haraka ajabu, namba tupu. Mtoto wa jirani aliona ule mwanga akaniuliza kama tivii inaungua.

Nikaenda tao Jumamosi. Luthuli tangu ile 2019 wapanue njia ya miguu angalau unaweza kutembea ukiangalia madirisha, zamani ulikuwa unaangalia mfuko wako tu (bado uangalie). Nikaingia jengo moja la vile vistoli vya mlango mmoja mmoja, ghorofa ya kwanza, kuna msichana anauza waya na adapta na rimoti za kila tivii iliyowahi kuzaliwa.

"Karibu boss, unatafuta nini?"

"Konvata ya kutoa sauti kwa tivii niweke kwa ampi."

"Ya HDMI ama ya optiko?"

Hapo nikajua nimefika kwa mtu anayejua kazi yake, wauzaji wawili wa kwanza walikuwa wamenipea waya wa antena. Akasema 1,500, nikamwambia siskii vizuri, akasema 1,200, nikashika mlango, tukafungia 900 na akanijaribishia palepale kwa tivii yake. Hii ni sheria ya Luthuli, usitoke na kitu hakijawashwa ukiona.

Yenyewe ni kasanduku ka bati kama viberiti viwili vimelaliana. Upande mmoja kuna tundu la optiko na lingine la waya wa shaba, upande wa pili nyekundu na nyeupe, na sehemu ya kuingiza stima ya volti 5. Imeandikwa 192kHz/24bit kwa mbwembwe. Hiyo nayo usiilipie pesa zaidi, maana tivii na filamu kawaida zinatoa sauti ya 48kHz, yaani vipimo elfu arobaini na nane kila sekunde, huwezi pata maziwa lita kumi kwa ng'ombe wa lita mbili. Na hata hiyo 48 inatosha. Sikio la binadamu linasikia kuanzia hezi 20 (mitetemo kwa sekunde) hadi hezi 20,000 hivi, na tena hiyo ya juu ni ya watoto, ukishapita miaka arobaini na umekaa kiti cha nyuma cha nganya ujana wako wote sahau. Ili ushike wimbi unahitaji kulipima zaidi ya mara mbili kwa kila mzunguko wake, ndio maana Sony na Philips walipotoa CD 1982 wakaweka vipimo 44,100 kila sekunde, zaidi kidogo ya mara mbili ya elfu ishirini. Kila kipimo ni namba moja kati ya 65,536. Konvata inachukua hizo namba moja moja, inazigeuza kuwa volti za juu na chini, halafu inalainisha zile kona ili itoke mstari mmoja laini. Kazi hiyo chipu za leo zinaifanya vizuri kwa pesa kidogo sana, ndio maana nasema mia tisa inatosha na yule anakuambia ununue ya elfu thelathini kwa sababu ya tivii ya Umoja anataka kulipa karo na pesa zako.

Sasa matatizo, na yako.

La kwanza nitalisema haraka juu linaniaibisha. Nilifika nyumbani nikaunganisha kila kitu, kimya. Nikachomoa nikachomeka, kimya. Nusu saa. Kumbe waya wa optiko unakuja na vikofia vya plastiki kwenye ncha, vile vya kuzuia vumbi, vinaonekana kama sehemu ya waya yenyewe, na mimi nilikuwa nimevisukumia ndani nikiona vinagoma kidogo nikaongeza nguvu. Vitoe kwanza jamani.

La pili ndilo kubwa na ndilo litakalowapata wengi. Yutubu ilikuwa inalia vizuri, taarifa ya habari vizuri, halafu tukaweka filamu kutoka kwa flashi, sauti ikapotea, badala yake kukatoka kelele ka mahindi yanakaangwa. Mama watoto akaniangalia ile jicho ya "umenunua tena." Jumatatu nikarudi Luthuli nikiwa nimejaa moto, konvata mkononi kama ushahidi kortini. Yule msichana hata hakuishika. Akachukua rimoti ya tivii yake, akaingia kwa mipangilio ya sauti, akateremka hadi kwa sehemu ya kutoa sauti ya dijitali, akanionyesha imeandikwa Auto, akaibadilisha ikawa PCM. "Boss, enda ufanye hivo tu. Ikikataa uniletee nikurudishie pesa." Haikukataa.

Maana yake ni hivi, tivii inaweza kutuma sauti kwa njia mbili. Inaweza kutuma namba zenyewe jinsi zilivyo, hiyo ndo PCM, ama ikatuma kifurushi kilichofungwa cha Dolby Digital, ambacho kinataka mashine yenye ufunguo wake kukifungua, kama zile ampi kubwa za sinema ya nyumbani. Konvata ya mia tisa haina ufunguo. Ikipewa kifurushi inanyamaza ama inajaribu kukicheza vilevile kimefungwa, ndio yale mahindi. Katoni haisemi hii mahali popote, na hapo ndipo naitoa maksi, karatasi moja tu ndani ingeokoa watu nauli.

La tatu halijaisha hadi leo. Ile sauti ya optiko inatoka na kiwango kimoja tu, rimoti ya tivii haiipunguzi wala kuiongeza. Tangazo la biashara likiingia na zile kelele zake lazima mtu ainuke kitini aende azungushe kitufe cha ampi. Kwetu huyo mtu ni mimi. Kuna tivii zingine naambiwa zinakubali, ya kwangu imekataa katakata, kwa hivyo kama nyumba yenu mnapigania rimoti jueni mnaongeza kitu kingine cha kupigania.

Halafu stima yake. Nilianza kwa kuichomeka kwa chaja ya simu ya mia moja hamsini kutoka barabarani, ikawa inaleta kamluzi kembamba mno usiku kukiwa kimya. Nikaihamisha nikachomeka kwa USB ya tivii yenyewe, kamluzi kakaisha, na faida ya ziada inazima na kuwaka na tivii. Faida nyingine ya optiko ni kwamba mwanga haubebi umeme, kwa hivyo ile ngurumo ya stima inayopitaga kutoka tivii kuingia kwa ampi kupitia waya wa sauti inakosa njia hapo, ingawa ule waya wa USB ya tivii nao unaweza kuipitisha. Wufa yangu marehemu ilikuwa inanguruma hivo kila nikiiunganisha na dekoda.

Mtauliza kwa nini nisitumie Bluetooth tu, ampi iko nayo. Niliijaribu siku mbili. Muziki ni sawa, siwezi danganya, ukicheza kwa simu ukiwa unapika hutasikia tofauti kubwa ingawa sauti inabanwa sana, CD ni kama kilobiti 1,411 kila sekunde na ile njia ya kawaida ya Bluetooth inapitisha 328 hivi ikijitahidi. Shida ni filamu. Midomo inaenda, sauti inafuata nyuma, ni kama zile sinema za kung-fu za video za mtaa. Mpira ndio mbaya zaidi, wavu unatikisika kwanza halafu mtangazaji ndio anapiga nduru. Na jirani ashapiga yake tayari. Waya hauna hiyo mambo.

Ampi. Ni kaboksi keusi ka ukubwa wa kiganja, kako na kitufe kimoja kikubwa cha sauti na viwili vidogo vya besi na ukali. Muuzaji wa hii alikuwa mwingine, kijana mchangamfu, akaniambia "hii ni Class D mkubwa, D ni ya dijitali." Hapana. Aina za ampi zilianza kuitwa A, ikaja B, ikaja C, hii ikafuata ikapewa D, ni zamu ya herufi tu. Kinachofanyika ndani ni kwamba badala ya kupitisha umeme polepole kama bomba lililofunguliwa nusu, inafungua yote na kufunga yote haraka sana, mara laki kadhaa kwa sekunde, halafu koili na kapasita za kutokea zinasawazisha, ndio maana haichemki na inaweza kuwa ndogo vile. Nilifungua skurubu nne nikaona chipu imeandikwa TPA3116, ya Texas Instruments, chipu ya heshima, kwa bei hii sina neno.

Neno ninalo kwa adapta. Nje imeandikwa 2x50W, ndani ya katoni wamekuwekea adapta ya volti 12 ampea 3. Kumi na mbili mara tatu ni thelathini na sita, wati hamsini mara mbili zitatoka wapi? Kwa volti 12 na spika za omu 8 unapata kama wati 9 kila upande kabla haijaanza kupasua sauti. Mi nilikuwa na chaja ya laptop iliyokufa, volti 19, ile chipu inakubali hadi 26 na kapasita zake niliona zimeandikwa 35V, kwa hivyo nikabadilisha jeki nikachomeka. Sasa ni kama wati 22 kila upande. Msifikiri imelia zaidi ya mara mbili, tofauti ni desibeli nne tu, unaisikia lakini si ya kukurusha kitini. Ukitaka sikio lisikie mara mbili kamili inabidi wati ziwe mara kumi hivi. Ndio maana wati 9 za ukweli kwa spika nzuri zinakutosha sebuleni na wati elfu kumi na mbili za katoni hazikutoshi.

Nikifika kwa spika ndo nachangamka, mvumilie.

Mjomba alizinunua miaka ya themanini, za Kijapani, masanduku ya mbao kimo cha goti, kila moja ina spika ya inchi nane na juu yake twita, ile ndogo ya sauti za juu. Miaka yote zilikaa sebuleni zimefunikwa vitambaa vya kufuma na shangazi yangu na ilikuwa mwiko kuzigusa, ukikimbia karibu nazo unaitwa jina lako lote la ubatizo. Nilipoenda kuomba mjomba akasema chukua, hazilii, zinakoroma. Nikatoa kile kitambaa cha mbele, nikagusa ule mkunjo wa sponji unaozunguka karatasi, ukabaki kidoleni. Ulikuwa umeoza, unamomonyoka kama keki ya juzi. Hiyo sponji ndiyo inashikilia karatasi ikienda mbele na kurudi, ikiisha koili inakwaruza sumaku, ndio kule kukoroma.

Fundi wangu yuko kichochoro upande wa Kirinyaga Road, ni mzee wa miwani ya kamba, ana meza moja na redio tano ambazo sijui za nani. Simtaji jina maana hakunipa ruhusa na tayari ana foleni. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee", akaitikia bila kuinua kichwa, akasema weka hapo kijana. Hakuuliza wati, hakuuliza ni za kampuni gani. Akatoa betri moja ya tochi, ya volti moja na nusu, akagusisha waya mbili kwa miguu ya spika. Tup! Karatasi ikaruka mbele ikakaa huko. Akaachia, ikarudi. Akageuza betri kichwa chini, akagusa. Karatasi ikavutwa ndani.

"Umeona? Koili ni nzima. Hii spika haijafa, imezeeka nguo tu."

Mi nilisimama hapo ka mtoto nikamwomba arudie. Unajua umesoma mahali, umeme ukipita kwa koili unakuwa sumaku unasukumana na ile sumaku nyingine, lakini kuona betri ya tochi inasukuma karatasi ni kitu kingine. Muziki wote ni hiyo tu, betri inayogeuzwa mbele nyuma mara maelfu kwa sekunde, wakati mwingine kwa nguvu wakati mwingine kidogo. Namba zote za tivii, optiko, PCM, chipu, safari yote hiyo mwisho wake ni tup.

Akachuna sponji kuukuu na wembe na petroli, pole pole, akasafisha ukingo, akapaka gundi akaweka mkunjo mpya. Kabla gundi haijashika akawa anabonyeza karatasi kwa vidole vitatu juu chini huku amesogeza sikio, anasikiliza kama koili inagusa pembeni. Kwa twita akabadilisha kapasita moja ndogo akasema ya zamani imekauka, ndio maana upande mmoja sauti za juu zilikuwa zimefifia. Shilingi 2,200 spika mbili, akaniambia nisizipige kwa nguvu siku mbili za kwanza. Siku aliyoahidi si siku aliyomaliza, iongezeeni siku tatu, hiyo ni lugha ya mafundi mnaijua.

Nyumbani nikaunganisha, sauti safi lakini besi hakuna. Spika za inchi nane, besi ya redio ya mfukoni! Nikampigia simu nikiwa tayari nimeanza kunung'unika. Akaniuliza swali moja, "Nyekundu iko kwa nyekundu pande zote?" Upande wa kushoto nilikuwa nimegeuza. Moja ikienda mbele nyingine inarudi nyuma, hewa inakatana katikati, besi inakufa. Nikageuza waya mbili, kikombe cha chai mezani kikatetema.

Sasa zinavyolia. Rhumba ndio nilijaribia juu ndio zilizaliwa kuipiga. Kwa ile wufa, sebene ikianza magita yote yalikuwa rundo moja, ka mitumba haijafunguliwa. Hapa gita la kati liko kulia, la solo liko kushoto kidogo, besi inatembea noti kwa noti na unasikia vidole vinavyohama, na conga ziko nyuma kabisa mahali ambapo ukuta wangu unafaa kuwa umeishia. Taarab, vinanda vinapanda bila kuchoma masikio. Taarifa ya habari mtangazaji ametoa leso mdomoni. Zinachoshindwa ni ile besi ya chini kabisa ya nganya, ile unaisikia tumboni, inchi nane haifiki huko na mi nimekubali, wa kutaka hiyo akae stage.

Nilichojifunza kwa jasho ni kuziweka. Mwanzo nilizisukuma kwa kona mbili za ukuta zisichukue nafasi, kona inafanya besi ivimbe, na Mama Njeri wa upande wa pili akaja kubisha saa tatu usiku kwa upole sana, "Baba, Njeri ana mtihani kesho." Nikajisikia vibaya. Besi haizuiliwi na ukuta, sauti za juu ndizo zinazuiliwa, kwa hivyo jirani wako husikia duu peke yake bila wimbo, afadhali angekuwa anafaidi na gita. Nikazivuta mbele ya ukuta kama hatua moja, nikaziinua juu ya kreti za soda hadi twita ikalingana na sikio langu nikiwa nimekaa, nikaweka zulia juu ya vigae na mapazia mazito. Hiyo kazi ya bure ilibadilisha sauti kuliko kubadilisha adapta. Mama Njeri hajarudi.

Wa kutonunua konvata hii ni nani? Kama tivii yako bado ina lile tundu la hedifoni nyuma, waya wa mia mbili unakutosha, usiende popote, na rimoti yako itaendelea kufanya kazi. Kama una ampi yenye optiko yake pia huhitaji. Wengine, pelekeni elfu moja Luthuli na mbaki na ya nauli.

Mjomba alikuja mwezi jana, alikuwa na kliniki tao akalala kwetu. Nikamwekea rhumba ya enzi zake, sikumwambia kitu, nikaenda jikoni. Niliporudi alikuwa ameshatoa viatu, amefumba macho, mguu unapiga sakafu. Nikangoja aseme. Wimbo ukaisha, mwingine ukaisha, akafungua macho akaziangalia spika vizuri juu hadi chini, kreti na yote.

"Na vile vitambaa vya shangazi yako viko wapi?"